Jina la Kanga

Historia za biashara ya nguo hupenda kufuata pamba. Mimi, kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, nafuata maneno: yale yaliyoondoka Mombasa na Unguja, yakachapwa na watu wasioyaelewa, yakarudi kuuzwa kwa wenyewe.

Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso, neno tulilolipata kwa Wareno, na kuziunganisha sita ziwe vazi moja. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo iliyokwisha kuchapwa hivyo. Ndiyo kanga. Mwanzoni haikuwa na maandishi. Yalipoingia, mwanzoni mwa karne ya 20, yalikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Za Kilatini zikafuata.

Hebu fikiria kazi yenyewe. Mchapaji yuko Uholanzi au Uingereza, baadaye Uhindi au Japani. Ua anaweza kulichora, hata kumwibia mshindani wake. Lakini jina, kama tunavyoyaita maandishi ya kanga, hawezi kulitunga. Fumbo la kumchoma mke mwenza halibuniwi na mtu asiyejua mke mwenza ni nani. Jina lilibidi litoke huku, herufi kwa herufi, na herufi moja ikikosewa kosa linajirudia shehena nzima. Hata kubadili hati halikuwa jambo dogo: bibi aliyesoma chuoni na mjukuu aliyesoma shule ya serikali wangeweza kuishi nyumba moja, kila mmoja akivaa jina ambalo mwenzake hawezi kulisoma.

Madagaska wana nguo ya aina hiyohiyo, lamba hoany: pindo pande zote, mji katikati, maandishi chini yake, ila methali ni za Kimalagasi. Pindo na mji vinafanana na vyetu. Maneno yalitaka watu wa huko.

Ndiyo maana siwaelewi wanaoyahesabu maandishi haya kuwa pambo tu. Yalikuwa sehemu ya bidhaa ambayo kiwanda hakikuwa nayo. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza Mombasa mwaka 1887, liliichapisha alama yake kwenye nguo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Hapo namsoma mwenye biashara. Aliyetunga jina, awe karani wa dukani au mteja aliyekuja na maneno yake kinywani, hakuandikwa.