Neno Holela na Mikataba ya Usagara

Neno holela husikika sana katika mazungumzo ya kila siku. Twasikia habari za ujenzi holela, za ukataji miti holela, na za nauli zilizopandishwa kiholela. Katika mifano miwili ya kwanza, maana yake ni ovyo, yaani bila mpango. Katika mfano wa tatu maana ni nyingine. Aliyepandisha nauli huenda amepiga hesabu zake vizuri sana. Lawama ni kwamba ameamua kwa matakwa yake tu, wala hakuna wa kumwuliza sababu. Maana hii ya pili ndiyo nzito zaidi, na historia ya Kilosa yaifafanua.

Mwishoni mwa mwaka 1884, Carl Peters na wenzake walipita Usagara, nchi ambamo Kilosa imo, pamoja na Uzigua, Unguu na Ukami. Katika wiki chache tu walikusanya mikataba kutoka kwa watawala wa huko. Mikataba hiyo iliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo watawala hao hawakuweza kuisoma, nayo ilidai kwamba wametoa nchi zao milele. Tarehe 27 Februari, 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kufungwa, Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi hizo nne. Sultani Barghash wa Unguja alipopinga, manowari za Kijerumani zilifika Unguja mwezi wa Agosti mwaka huo huo.

Je, mambo hayo yalifanywa ovyo? La hasha! Palikuwa na karatasi, mashahidi na bendera. Hata hivyo yalikuwa ya kiholela, kwa kuwa wananchi wenye ardhi hawakuulizwa, wala hawakuwa na baraza la kupelekea malalamiko yao. Dhuluma nayo yaweza kuwa na mhuri.

Ndiyo maana Ibara ya 24 ya Katiba yetu ya mwaka 1977, iliyo miongoni mwa haki zilizoingizwa mwaka 1984, yakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria iwekayo masharti ya fidia inayostahili. Basi mwanafunzi anayetaka kujua kama uamuzi fulani ni wa kiholela asitosheke na kuutazama mhuri. Aulize sababu yake ni nini, na ni nani mwenye haki ya kuihoji.