Nukta Tisa Ilikotoka

London ya karne ya 17 ilikuwa na kina mama wazee waliolipwa na parokia kukagua maiti na kutaja kilichoua. Hawakusomea uganga. Mwaka 1662 John Graunt, mfanyabiashara wa jijini humo, alichapisha kitabu cha kuchambua orodha za vifo zilizotokana na kazi yao, na humo mna jambo linalonigusa sana mimi mtunza kumbukumbu za hospitali. Mkaguzi akishanyweshwa bia na kulipwa ujira mara mbili, marehemu wa kaswende aliandikwa kuwa amekufa kwa kukonda. Ndugu waliepuka fedheha, na kwenye orodha kaswende ikaonekana ugonjwa wa nadra.

Ndiyo maana wengi katika kazi yetu huyachukia majina mapana kama hilo la kukonda. Mimi siyachukii yote.

William Farr, wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya Uingereza, alilalamika mwaka 1839 kwamba ugonjwa mmoja huitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja hubebeshwa magonjwa kadhaa. Mwaka 1893 Jacques Bertillon wa Paris aliwasilisha Chicago orodha ya visababishi vya vifo, na hakuwasilisha moja: kulikuwa na fupi ya vichwa 44, ya kati ya 99 na ndefu ya 161. Nauheshimu mno uamuzi huo. Ndani yake naona kukubali kwamba si kila mahali panaweza kujua kwa undani ule ule, na kwamba asiyejua asilazimishwe kubuni.

Orodha ilipofika mikononi mwa Shirika la Afya Duniani, mwaka 1948, ilipanuliwa ikabeba magonjwa pia, si vifo tu. Katika toleo la 10, lililopitishwa mwaka 1990, nukta ikifuatwa na 9 kwa kawaida maana yake ni kwamba aina au tatizo zaidi havikubainishwa. Malaria ina safu yake ya misimbo, na kutobainishwa kumepewa msimbo mzima badala ya nukta tisa: B50 ni ya falsiparum, B51 ya vivaksi, B52 ya malarie, B53 ni aina nyingine zilizothibitishwa na maabara, na B54 ni malaria isiyobainishwa, ikiwamo ile ambayo mganga ameitambua kwa dalili tu, bila wadudu kuonekana.

Sasa chukua faili la mtoto wa miaka mitatu. Homa siku mbili, ametapika, amelazwa. Kwenye mstari wa utambuzi daktari ameandika neno moja: malaria. Lakini nyuma ya karatasi ya dawa imebanwa karatasi ya maabara, na pale hadubini imeona falsiparum. Nikiandika B54, ukweli uliokwisha kupatikana kwa tone la damu ya mtoto unapotea wilayani, mkoani na wizarani. Mimi si daktari wa kumwandikia utambuzi, kwa hiyo faili linarudi kwake asahihishe, hata kama foleni ni ndefu.

Faili la pili lina homa ile ile na dawa ile ile, ila kipimo hakikufanyika. Hapo B54 ndiyo haki, na B50 ingekuwa sawa na bia ya yule mkaguzi.

Mwaka 2020 dunia nzima iliona jambo hili. UVIKO-19 ulipewa misimbo miwili: U07.1 virusi vikithibitishwa, U07.2 daktari akiutambua ugonjwa bila uthibitisho wa maabara. Kuitenganisha ilikuwa busara, kwa sababu nchi zisizo na vipimo vya kutosha hazikulazimika kuchagua kati ya kunyamaza na kudanganya.

Daktari, majibu ya maabara yakifika, ongeza jina la mdudu kwenye mstari wa utambuzi kabla hujamruhusu mgonjwa. Na kama hukupima, andika kwamba hukupima. B54 iliwekwa kwa ajili hiyo.