Dawa Iliyotangulia Ugonjwa

Mwaka 1964 ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ilithibitisha kwamba sigara huleta saratani ya mapafu, lakini ripoti hiyohiyo ikauita uvutaji mazoea tu, si uraibu. Mwaka huohuo Bulgaria ilikuwa ikitoa Tabex, vidonge vya sitisini, kemikali ya mti wa laburnum inayoshika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na nikotini. Basi wavutaji hawakukosa msaada wa tabibu kwa sababu dawa haikuwepo. Walikosa kwa sababu hawakuhesabiwa kuwa wagonjwa. Mwenye mazoea mabaya hupewa maonyo, mgonjwa ndiye huandikiwa dawa. Marekani ilikiri rasmi kwamba nikotini huleta uraibu mwaka 1988, ilhali chingamu ya nikotini iliruhusiwa huko tangu 1984!

Chingamu yenyewe haikuanzia hospitalini. Desemba 1967 Claes Lundgren wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alimwandikia Ove Fernö, mkemia wa kampuni ya dawa ya Leo, kwamba mabaharia wa nyambizi, wasioruhusiwa kuvuta humo, walikata kiu kwa tumbaku ya mdomoni. Fernö na wenzake waliifunga nikotini ndani ya resini ili itoke polepole, wakapunguza asidi ya mate ili ipenye kwenye ngozi laini ya kinywa. Uswisi iliikubali kuwa dawa mwaka 1978.

Wapo wanaosema huku ni kumhamisha mraibu kutoka chombo kimoja hadi kingine. Hoja hiyo inasahau kwamba moshi hufikisha nikotini ubongoni kwa sekunde chache, na kasi hiyo ndiyo hunasa. Tena kinachoua zaidi ni lami na gesi za moshi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wengi walioacha waliacha bila dawa. Ni kweli, lakini hesabu hiyo huwaacha nje walioshindwa. Majaribio mengi yakijumlishwa, chingamu na plasta za nikotini huongeza uwezekano wa kuacha kwa takriban nusu, ingawa watumiaji walio wengi bado hurudia sigara. Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Na jaribio la New Zealand lililochapishwa 2014 likaonyesha kwamba sitisini ilizipita dawa hizo za nikotini, japo iliwatia wengi zaidi kichefuchefu.