Kamirithu 1977: Watazamaji waliosahihisha mchezo wao

Jumapili, tarehe 5 Juni 1977, mazoezi ya mchezo mpya wa kuigiza yalianza katika kijiji cha Kamirithu, Limuru, nje kidogo ya Nairobi. Yalifanyika uwanjani, peupe. Hapakuwa na ukuta, wala pazia, wala mtu wa mlangoni wa kuuliza tiketi. Kibarua aliyetoka shamba la chai na fundi aliyemaliza zamu katika kiwanda cha viatu cha Bata walisimama wakatazama, na waliporudi Jumapili iliyofuata walikuja na jirani zao.

Hawakukaa kimya. Wazee walipowasikia waigizaji vijana wakisema maneno ya mhusika mzee, waliyakataa. Mtu wa umri ule, walisema, haongei kwa haraka namna hiyo, wala haachi kuweka methali mahali pake. Wakaitaja methali yenyewe, wakaonyesha na jinsi ya kuitamka. Waandishi wakachukua kalamu.

Mchezo huo ulikuwa Ngaahika Ndeenda, ambao wasomaji wa Kiswahili wanaujua kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Waandishi wake walikuwa wawili: Ngugi wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngugi wa Mirii, aliyeongoza masomo ya watu wazima katika kituo cha elimu na utamaduni cha kijiji. Mwongozaji alikuwa Kimani Gecau. Habari za watu hao zimeandikwa sana, na kwa haki. Ila kila nikirudi kwenye historia ya Kamirithu, naona kwamba kundi kubwa kuliko wote, la wale waliosimama kando ya uwanja wakitoa maoni, hupewa sentensi mbili tatu kisha likaachwa.

Tuanze na kijiji chenyewe. Kamirithu ilizaliwa miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipowahamisha watu kwa nguvu na kuwakusanya mahali pamoja ili wasiwapelekee wapiganaji wa Mau Mau chakula na habari msituni. Vita vilipokwisha kijiji kilibaki, na watu wake wengi wakabaki bila ardhi ya kutosha. Wakawa vibarua katika mashamba makubwa ya chai na wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alikwenda nyumbani kwa Ngugi wa Thiong'o akamtaka aje asaidie pale kituoni. Baadaye wanakijiji ndio waliowaagiza Ngugi wote wawili waandike mchezo. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walijua kwamba ni wao.

Hadithi yake walikuwa wakiiishi. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani kama picha ya mzazi. Tajiri anayemwajiri, Kioi, anaanza kumtembelea kwa upole usio wa kawaida. Kiguunda na mkewe Wangeci wanadhani kijana wa tajiri anataka kumposa binti yao Gathoni, kwa hiyo wanakubali kufunga ndoa ya kanisani ili wafanane na wakwe watarajiwa. Gharama za harusi zinawaingiza kwenye mkopo wa benki, na hati ile ndiyo inayowekwa rehani. Mwisho wake ardhi inakwenda, binti ameachwa na mimba, na mzee amezama katika pombe.

Mswada uliposomwa hadharani na kujadiliwa, kati ya Aprili na Juni, kila aliyekuwa na ujuzi aliutoa. Wafanyakazi wa Bata walitaka mateso ya kiwandani yasipitiwe juu juu. Mmoja alieleza kwa hatua mashine anayoiendesha, akapiga hesabu ya mali anayoizalisha kwa siku, akailinganisha na ujira anaoupata mwisho wa mwezi. Hoja hiyo ikaingia katika mchezo. Mhakiki wa gazeti angeweza kusema tu kwamba sehemu ile ina udhaifu. Huyu aliuonyesha udhaifu na akaleta cha kuuzibia.

Palipohitajika bunduki za kuigizia, waliozichonga ni watu waliowahi kutengeneza bunduki halisi za Mau Mau. Palipohitajika nyimbo za sherehe ya ndoa, zile za gitiiro ambazo pande mbili hujibizana, mwanamke asiyejua kusoma wala kuandika alikaa na waandishi akazipanga neno baada ya neno, nani anaanza na nani anajibu. Wasomi wakawa makarani wake. Mimi huona hapo ndipo penye thamani kuu ya Kamirithu. Na jambo hilo liliwezekana kwa sababu mchezo ulikuwa kwa Kikuyu. Ungeandikwa kwa Kiingereza, bibi yule na wazee wale wangebaki kupiga makofi tu.

Ukitaka kupima tofauti, tazama yaliyotokea Nairobi miezi michache nyuma yake. Mnamo Oktoba 1976 michezo miwili ya Kenya, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, ilionyeshwa katika Jumba la Kitaifa la Maigizo. Ililazimika kugombea siku chache chache za jukwaa, maana ratiba ya jumba ilikuwa imeshikwa na burudani za wageni. Hata hivyo watu walijaa, na siku ya kwanza ya Kimathi watazamaji waliungana na waigizaji wakatoka nje wakiimba na kucheza hadi barabarani, kuelekea Hoteli ya Norfolk, mpaka polisi wakawazuia. Furaha yao ilikuwa ya kweli, lakini iliukuta mchezo umekwisha kuandikwa.

Kamirithu walijijengea jukwaa lao. Vijana walianza na mfano mdogo wa njiti za kiberiti, kisha kijiji kikajitolea kujenga ukumbi wa wazi wenye viti vya kukalia watu zaidi ya 2,000. Tarehe 2 Oktoba 1977, robo karne tangu mwezi ambao Hali ya Hatari ilitangazwa, mchezo ulifunguliwa rasmi kwa watu waliolipa kiingilio. Magari ya kukodi yalileta watu kutoka mbali. Siku moja mvua iliukatiza mchezo mara tatu, na mara tatu watu walijibanza kisha wakarudi vitini. Wengi wao walikwisha kuuona kwenye mazoezi na walijua unavyokwisha. Walirudi kwa sababu ulikuwa kazi ya mikono yao.

Tarehe 16 Novemba leseni ya maonyesho ikafutwa na ofisi ya mkuu wa wilaya ya Kiambu. Mwezi uliofuata, usiku wa kuamkia mwisho wa mwaka, Ngugi wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kushtakiwa, hadi Desemba 1978. Vitabu vyake vya Kiingereza vilikuwa vikali, na vilikuwa vikiuzwa madukani bila kumfikisha gerezani. Kilichobadilika ni mahali na watu. Sasa hoja ya ardhi na ujira ilikuwa ikijadiliwa na wenye njaa ya ardhi na ujira mbele ya maelfu, na kila mmoja alikwisha kuzoea kuinua mkono na kusema.

Mwaka 1982 walijaribu tena. Mchezo wa Maitu Njugira ulibeba nyimbo za jamii nyingi za Kenya na kusimulia sheria za kazi za kikoloni. Ulipangwa kufunguliwa Februari katika Jumba la Kitaifa, ila kibali hakikutolewa na waigizaji wakakuta milango imefungwa. Wakarudi kufanya mazoezi Chuo Kikuu cha Nairobi, na habari zikaenea. Ngugi wa Thiong'o alikadiria kuwa watu kati ya 12,000 na 15,000 waliyaona mazoezi kama kumi tu, kabla hata hayo hayajazuiwa. Tarehe 11 Machi serikali ilikifutia kituo usajili wake. Siku iliyofuata polisi wenye silaha walifika Kamirithu wakaubomoa ukumbi.

Ngugi wa Mirii na Gecau walikimbilia Zimbabwe, wakaendeleza huko maigizo ya vijijini. Wa Mirii alifia huko mwaka 2008 katika ajali ya gari. Ngugi wa Thiong'o aliishi ughaibuni hadi kifo chake, tarehe 28 Mei 2025, nchini Marekani. Miaka mitatu kabla ya hapo, Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilipanda katika Jumba la Kitaifa la Maigizo, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza.

Jalada la kitabu lina majina mawili, ingawa waandishi wenyewe hawakuchoka kusema kwamba mchezo ni wa kijiji. Bibi aliyepanga gitiiro hayumo, na mfanyakazi aliyeleta hesabu ya mashine hayumo. Kijana aliyekuwa na miaka 20 pale uwanjani mwaka 1977 sasa anakaribia 70, na wapo ambao bado wanaweza kusema mstari gani aliusahihisha nani. Vyuo vyetu vya fasihi viende Limuru kuwauliza mwaka huu.