Wasichana Watatu wa Kibeho

Jumamosi ya tarehe 28 Novemba 1981, mchana, Alphonsine Mumureke alikuwa akiwahudumia wenzake mezani katika shule ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda. Alikuwa na miaka 16. Alisikia sauti ikimwita mwanangu, akatoka kwenye ukumbi wa chakula, akapiga magoti na kuuliza anayemwita ni nani. Jibu aliloeleza baadaye ndilo linalotajwa Kibeho hadi leo: Mama wa Neno.

Hakushangiliwa. Wanafunzi walimcheka, masista walihofu kwamba anaumwa au anaigiza, na wengine wakanong'ona habari za uchawi. Maono yalipomjia tena, wapo waliomchoma sindano na kumsogezea moto mwilini waone kama atashtuka. Kati ya waliomdhihaki zaidi alikuwamo Marie Claire Mukangango, binti mwenye umri mkubwa kidogo na ulimi mkali. Januari 1982 Nathalie Mukamazimpaka, msichana mpole wa sala, naye akasema ametokewa. Tarehe 2 Machi ikawa zamu ya Marie Claire mwenyewe. Siku hiyo kicheko kilipungua sana shuleni.

Habari zilienea haraka, na umati ukaanza kumiminika kwenye vilima vile. Wengine wengi wakajitokeza wakidai kuona maono, na hapo ndipo hekima ya Askofu Jean-Baptiste Gahamanyi wa Butare ilipoonekana. Hakukimbilia kukubali wala kukataa. Mwaka 1982 aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Wasichana walipimwa, wakahojiwa, wakafuatiliwa miaka mingi. Mwaka 1988 aliruhusu ibada ya hadhara mahali pale, bila kutoa bado hukumu juu ya maono yenyewe.

Agosti 1982 umati ulisikia jambo lisilosahaulika. Kwa saa nyingi wasichana walilia na kutetemeka, wakieleza walichokiona: mto wa damu, watu wanaouana, maiti zisizo na wa kuzizika. Wakati ule wachache walijua waifanyie nini habari ile. Aprili 1994, Watutsi waliokimbilia katika kanisa la parokia ya Kibeho waliuawa humo kwa maelfu, na kanisa likachomwa moto. Aprili 1995 damu ilimwagika tena hapohapo, jeshi la Rwanda lilipovunja kambi ya Wahutu waliokimbia makwao. Serikali ilitaja watu 338 waliokufa, wengine wakasema zaidi ya 4,000.

Msiba huo haukuishia mpakani, na sisi wa Maniema, huku Kongo, tunaujua kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 1996 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walifika Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, wakiwa wamekatiza msitu kwa miguu. Wengi walikufa hapo kwa njaa na magonjwa, na wengine kwa risasi. Kwa hiyo Kibeho si hadithi ya mbali kwa msomaji wa hapa kwetu Kampene, Maniema.

Hukumu ilitoka tarehe 29 Juni 2001. Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, jimbo lililozaliwa mwaka 1992, alitangaza kwamba Bikira Maria aliwatokea kweli Alphonsine, Nathalie na Marie Claire. Hao watatu tu. Wengine wote waliodai maono hawakutambuliwa.

Hapa Wakristo wengi huchanganya mambo. Kutambua maono si kumtangaza mwonaji kuwa mtakatifu. Maono ya Bernadette wa Lourdes, ya mwaka 1858, yalitambuliwa mwaka 1862, lakini yeye alitangazwa mtakatifu mwaka 1933, kwa jinsi alivyoishi na kuteseka kimya katika utawa huko Nevers hadi kifo chake akiwa na miaka 35. Kati ya wasichana wa Kibeho, hakuna hata mmoja aliyetangazwa mtakatifu. Alphonsine aliingia utawa wa Waklara huko Abidjan. Nathalie alibaki Kibeho akiwapokea mahujaji. Marie Claire aliolewa, na mwaka 1994 aliuawa pamoja na mumewe huko Byumba.

Kwangu mimi, yeye ndiye anayegusa zaidi. Maono yake yalikoma Septemba 1982, baada ya miezi sita tu, lakini aliachiwa kazi moja: kuifufua Rozari ya Mateso Saba ya Bikira Maria, sala ya karne nyingi iliyokuwa imesahaulika karibu kila mahali. Ina mafungu saba, kila fungu Salamu Maria saba, nayo haiondoi rozari ya kawaida. Leo inasaliwa ng'ambo zote za Ziwa Kivu na mbali zaidi. Anayeisali Kampene, katika Legio ya Maria au nyumbani, na amtaje Marie Claire Mukangango kwa jina, amwombee.