Mtaa wa Nangani: Walioishi Vyomboni Bandari ya Malindi, Unguja

Wanahistoria wametuhesabia vizuri pembe, karafuu na boriti zilizopita bandari ya Unguja. Waliowasahau ni watu waliokaa juu ya vyombo vilivyobeba mali hiyo. Hawakuwa wapita njia. Waliletwa na kaskazi, wakakaa hapa miezi mpaka kusi iwarudishe, na muda wote huo chombo ndiyo nyumba yao. Mimi ni mtoto wa Malindi, nimezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1940, na babu yangu mzaa mama alikuwa na kidau cha kuvusha watu na maji baina ya pwani na nangani. Kwetu sisi bandari ilikuwa mtaa kama Funguni au Kiponda, ila nyumba zake zilikuwa na milingoti.

Mtaa huo uliundwa na upepo. Kaskazi iliposhika Desemba, vyombo viliteremka kutoka Ghuba, Oman, Hadhramaut na pwani ya Wasomali. Kusi haianzi kuaminika mpaka Aprili. Nahodha aliyemaliza kuuza tende zake Januari hakuwa na pa kwenda, na aliyechelewa mpaka Juni alikuta kusi imekuwa kali na bahari ya Arabuni haiingiliki, basi ikamlazimu asubiri demani, kusi ilegee. Stima ilishusha mizigo ikaondoka. Jahazi lilikaa.

Na kukaa huku ni jambo la kale. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kile kiitwacho Periplus, kinawataja manahodha wa Kiarabu waliofika Rhapta katika pwani hii, wakaoana na wenyeji na kuijua lugha yao. Mtu haoi kwa kupita. Ibn Battuta naye alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliona desturi ambayo mimi kila nikiisoma nafurahi: chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukiendea kwa vidau, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmojawapo na kusema huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni hulala kwake, na mwenyeji ndiye humuuzia na kumnunulia. Urafiki na biashara vilianzia ubavuni mwa chombo, kabla mtu hajakanyaga mchanga.

Niliyoyaona mimi katika miaka ya 1950 yalikuwa mabaki ya ulimwengu huo, lakini mabaki yenye uhai. Babu akilifikia bumu, jahazi kubwa la Ghuba, la Kuwait au la Sur huko Oman, hushika kamba iliyoning'inia akapaza sauti, "Hodi, wenyewe!" Wakajibu juu, "Karibu, ami! Panda!" Ukipanda, harufu ndiyo inayokupokea kwanza: papa mkavu, tende, na mafuta ya sifa waliyoyapaka mbao. Jiko lilikuwa sanduku la mbao lenye mchanga ndani, moto wa kuni juu yake. Choo ni kisanduku kilichofungwa nje ya ubavu, juu ya maji. Mabaharia walilala juu ya sitaha, kila mtu na mkeka wake na kasha lake, na tanga kuukuu likitandazwa juu kuwa kivuli cha mchana.

Kasha lile lilikuwa mali kubwa. Baharia wa vyombo vya Ghuba hakulipwa mshahara wa mwezi. Alipata fungu lake la faida safari ikiisha, na mara nyingi fungu lenyewe limekwisha kuliwa na deni alilochukua kwa nahodha ili aiachie nyumba chakula. Kwa hiyo aliruhusiwa kuchukua bidhaa zake ndogo katika kasha na kuziuza bandarini. Baharia mmoja wa Sur alimfungulia babu kasha lake mbele yangu. Ndani ya kifuniko amebandika picha iliyokatwa gazetini, na chini yake vimepangwa vichupa vya marashi mawaridi vilivyoviringishwa kanzu, ubani katika mfuko wa kitambaa, na kopo la halua ya Maskati alilokuwa akilitunza kwa ajili ya mtu aliyemjua Ng'ambo. Alivigusa kimoja kimoja kabla ya kulifunga. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kuwa nimeoneshwa nyumba ya mtu.

Jioni baada ya sala ya magharibi ndipo mtaa ulipochangamka. Vidau vilikwenda huku na huku, chombo kwa chombo. Mgeni wa heshima alipokewa tezini, kwenye zulia la nahodha, akapewa kahawa katika vikombe vidogo. Mabaharia walikusanyika omoni na mazungumzo yao. Hapo ndipo habari zilipopatikana: nani amevunjika foromali karibu na Ras Hafun, bei ya boriti imefika wapi, nani amefariki, nani ameoa. Udi ukishapitishwa kwa wageni, ni wakati wa kuaga. Washihiri, Wabajuni, Wakachi wa vyombo vya kotia, watu wa Ghuba, kila watu walikuwa na chakula chao na nyimbo zao, na usiku usio na upepo ngoma za chombo kimoja zilisikika bandari nzima.

Hata kazi ilifanywa kijirani. Maji yakipwa, chombo kilipwelezwa Funguni, kikalazwa ubavu ili kikwanguliwe chaza na kupakwa deheni, yaani mafuta na chokaa, dhidi ya mdudu anayetoboa mbao. Maji hayangoji mtu, kwa hiyo mabaharia wa vyombo vingine walishuka kusaidia. Aliyesaidiwa leo kesho alijua wajibu wake.

Anayetaka ushahidi zaidi ya wangu amsome Alan Villiers, baharia wa Australia. Desemba 1938 alipanda bumu la Kuwait liitwalo Bayan huko Aden, nahodha akiwa Ali bin Nasr al-Nejdi, akafika nalo Unguja, kisha delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, akarudi nalo mpaka Kuwait mwaka 1939. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Hakuficha tabu: matope na mbu wa Rufiji, homa, kazi ya kutwa nzima. Boriti zile zilikwenda kuezeka nyumba za Ghuba, na upana wa vyumba vya huko, kama vya Mji Mkongwe, ulifuata urefu wa boriti.

Kilichouvunja mtaa huu ni mambo kadhaa. Kuwait ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1946, Oman 1967, na vijana wakapata mishahara nchi kavu. Mashine zikatiwa vyomboni, na mwenye mashine hana haja ya kungoja kusi. Hapa kwetu, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, vyombo vya Arabuni vilipungua ghafla. Mombasa iliendelea kuvipokea kwa muda.

Siku hizi watalii wenye mashua zao za tanga hutia nanga mbele ya Mji Mkongwe, wakatembeleana kwa viboti vya mpira na kula pamoja jioni. Nawatazama kwa mapenzi. Wanaishi maisha ambayo bandari hii iliyajua kwa karne nyingi, na hakuna anayewaambia.

Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883 na baadaye kuwa makumbusho, liliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Ndani yake palikuwa na mtepe, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, ulioundwa upya, nao ulistahili nafasi ile. Lakini chombo bila watu wake ni mbao tu. Nawaomba wahusika, jumba litakapofunguliwa tena, watenge chumba kwa ajili ya maisha ya vyomboni: jiko la mchanga, mkeka, kasha lililofunguliwa, na sauti za wazee walioyaishi. Na wewe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna kasha la baharia, au mzee anayekumbuka majina ya vyombo na manahodha, litunze kasha na mrekodi mzee mwaka huu.