Biva wa Massachusetts: Historia ya Mnyama Aliyegeuka Msumbufu

Mnyama huanza lini kuitwa msumbufu? Swali hili linanihusu kwa sababu kwetu magharibi mwa Uganda tembo hutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth na kula mazao ya wakulima. Katika insha hii nalitafutia jibu mbali na nyumbani, katika jimbo la Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwa kufuata historia ya mnyama aitwaye biva. Hoja yangu ni kwamba usumbufu wake umetokana zaidi na historia ya watu kuliko tabia yake, na kwamba ugomvi kuhusu namna ya kumtega ulikuwa pia ugomvi kuhusu nani abebe hasara.

Biva ni mgugunaji anayeishi majini. Kwa umbo angemkumbusha msomaji wa kwetu ndezi, ila ni mkubwa zaidi: biva mzima huweza kufikia kilo 25, na mkia wake ni bapa kama kasia. Huangusha miti kwa meno, kisha huziba kijito kwa matawi, mawe na tope. Maji yakijaa nyuma ya tuta hilo, yeye hupata maficho dhidi ya adui na njia ya kukifikia chakula kwa kuogelea.

Katika karne ya 17 hakuna aliyemwita msumbufu. Manyoya yake laini ya ndani yalitengenezewa kofia za thamani huko Ulaya. Walowezi wa Plymouth, waliofika mwaka 1620, walitumia ngozi za biva kulipa madeni yao kwa wafanyabiashara wa London. Mwaka 1636 William Pynchon alianzisha kituo cha biashara ya ngozi kando ya mto Connecticut, na kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa mji wa Springfield. Wenyeji wa Algonquian walileta ngozi na kupewa nguo na zana za chuma. Kufikia katikati ya karne ya 18, biva walikuwa wametoweka Massachusetts.

Kutoweka huko kulibadilisha ardhi yenyewe. Matuta yasiyokarabatiwa yalibomoka, mabwawa yakakauka, na mahali pake pakabaki mabonde yenye udongo mzuri na majani mengi. Watu wakalima humo, wakajenga nyumba, wakapitisha barabara. Vizazi vilivyofuata vilikuta mabonde makavu, vikadhani yamekuwa hivyo tangu zamani.

Biva walionekana tena mwaka 1928 huko West Stockbridge, magharibi mwa jimbo. Mwaka 1932 biva watatu kutoka New York waliachiliwa karibu na mji wa Lenox, na kwa muda walilindwa wasiwindwe. Wakazaana, wakarudi katika mabonde yaleyale na kufanya kazi ileile ya mababu zao. Tofauti ni kwamba sasa palikuwa na makalavati ya kuziba, visima vya kuchafua na mashimo ya maji taka ya kufurisha.

Hapo ndipo historia ya mtego inapoingia. Mtego wa chuma unaobana mguu, ambao Sewell Newhouse wa New York aliusambaza sana katika karne ya 19, ulitegemea kina cha maji. Biva akinaswa hukimbilia majini, naye mtegaji alifunga mnyororo ili mnyama akizama asiweze kurudi juu. Lakini biva msumbufu mara nyingi yuko mahali palipofurika kidogo tu: shambani, msituni au kando ya barabara. Katika maji ya magotini hakuna kina cha kumzamisha. Mnyama hubaki hai akiteseka, na wengine hujikata mguu wakakimbia.

Katika miaka ya 1950 Frank Conibear, mtegaji wa Kanada, alileta jibu jingine: fremu mbili za chuma zenye springi, zinazobana shingo au kifua na kuua haraka. Mtego huo haukuhitaji maji mengi. Mtegaji aliuweka katika mfereji mwembamba anaoupita biva, au alitoboa tuta na kungoja usiku mnyama aje kuziba pengo. Hata hivyo, mtego hauchagui. Fisi maji na hata mbwa wa watu huweza kunaswa, kama mitego ya waya katika hifadhi zetu inavyonasa wanyama ambao mtegaji hakuwalenga.

Mwezi Novemba 1996 wapiga kura wa Massachusetts walipitisha sheria ya kupiga marufuku mitego ya kubana mguu na ile ya Conibear. Mitego ya kizimba, inayomkamata mnyama akiwa hai, iliruhusiwa. Ila ni mizito na ya bei kubwa, na sheria za jimbo hazikuruhusu kumhamisha biva na kumwachilia kwingine. Kwa hiyo hata aliyekamatwa bila jeraha aliweza kuishia kuuawa. Biva wakaongezeka na malalamiko ya mafuriko yakaongezeka. Mwaka 2000 sheria ilirekebishwa: bodi ya afya ya mji ikapewa mamlaka ya kutoa kibali cha dharura cha siku 10 pale kisima, barabara au maji taka yanapohatarisha watu. Pia ilikubalika kupitisha mabomba ndani ya tuta ili maji yapungue huku biva akibaki.

Sisemi kwamba wapiga kura walikosea kuuonea huruma uhai wa mnyama. Ninachokiona ni kwamba kura ya aliye mbali na mafuriko ilikuwa na uzito sawa na ya mwenye kisima kilichochafuka, lakini hasara haikugawanywa sawa. Marekebisho ya mwaka 2000 yalianza kulisikiliza hilo. Nao mkulima wetu na tembo wake wana haki ya kuulizwa swali lilelile: nani ananufaika mnyama akilindwa, na nani analipa? Kabla ya kuchagua mtego, mtaro au ua, tuijue kwanza historia ya ardhi tunayobishania.